Shimo la Ukuta wa Nyuma

Kambi ya Mirrendal
3 Machi 1998

Bibi Verna mpendwa,

Shikamoo. Binamu yako, Babu Clarrie, aliniambia kwamba simu huipendi lakini barua unaijibu siku hiyo hiyo, basi nakuandikia.

Tuko pangoni wiki ya tatu sasa, watu watano pamoja na Daktari Voss anayetuongoza. Tumetandika magodoro humo humo ndani, kwa sababu nje upepo unang'oa hema. Usiku nasikia bundi akikwaruza juu ya ule mwamba uliochomoza upande wa mashariki. Ndiye anayetupa kazi, yeye na mababu zake. Bundi humeza panya mzima mzima, na asubuhi hutema donge la manyoya na mifupa. Donge linaoza, mifupa inabaki, udongo unaifunika, na miaka inapita. Mimi nachekecha ule udongo kwa maji, nachambua taya moja moja kwa kibanio, kisha natazama meno chini ya kioo cha kukuzia. Kila panya ana meno yake na kila panya ana makao yake. Panya wa matete haishi mchangani, na panya mrukaji haishi kwenye tope. Ukijua bundi alikula nini, unajua nchi ilikuwaje.

Unajua kwa nini tumekuja. Tarehe 21 Mei Jopo la Maji litakaa kuamua kama lango la mtaro lifungwe ili maji yarudi kwenye kinamasi. Wenye ranchi wanasema hapakuwa na kinamasi cha kudumu, ni mafuriko tu ya hapa na pale, na mtaro wa 1884 haukuharibu kitu. Sisi tunasema pale ndipo bibi zetu walipotega mikunga. Jopo limejibu kwamba hadithi ni nzuri, lakini lingependa kuona ushahidi.

Bibi, ushahidi unatukataa. Tumechimba shimo moja, kwenye ukuta wa nyuma ambako udongo ni mwingi. Chini kuna panya wa majini na panya wa matete tele. Juu yao, hadi uso wa udongo, ni wanyama wa nchi kavu peke yao: panya warukaji, na vile vinyama vyenye mfuko tumboni visivyozidi kidole gumba. Maana yake kinamasi kilikuwepo zamani sana, kikakauka chenyewe, na nchi imekuwa kavu maelfu ya miaka kabla ya mtaro. Nimehesabu taya mia nne na kumi na mbili, nikarudia mara mbili.

Wewe ulizaliwa huku. Bibi yako alikuambia nini juu ya maji?

Babu Clarrie huja kila siku saa sita mchana kunywa chai yetu. Haingii pangoni. Anasema ni magoti. Jana nilimwona akipanda kilima na gogo begani, nikamuuliza, "Babu, na magoti?" Akasema, "Yamelala. Usiyaamshe."

Mjukuu wa kaka yako,
Tahlia


Adelaide
9 Machi 1998

Tahlia mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imefika Ijumaa, na leo Jumatatu ndiyo naijibu. Clarrie alikuambia najibu siku hiyo hiyo. Alikuwa sahihi mpaka juzi.

Kwanza nakusahihisha: babu yako alikuwa mdogo wangu, si kaka yangu. Nilimpita miaka saba.

Umeuliza juu ya maji. Mimi kinamasi sikukiona. Nilipozaliwa, mtaro ulikuwa na miaka arobaini na sita. Nilichokiona ni uwanda mweupe ulioganda chumvi, na ng'ombe wawili wa ranchi waliokwama humo wakafa wamesimama. Lakini bibi yangu alikuwa akitembea uwandani kwa kuzunguka. Kutoka pangoni hadi kisimani njia iliyonyooka ilikuwa robo saa. Yeye alipita kandokando, saa nzima, nasi watoto nyuma yake tukilalamika. Nikamuuliza kwa nini hatukatizi. Akasema, "Katiza wewe, ulowe." Palikuwa pakavu kama ubao. Miguu yake ilikuwa bado inaiona nchi ya zamani. Sijui kama Jopo lako linapokea ushahidi wa miguu.

Nimefanya kazi ya kujalidi vitabu vya maktaba miaka thelathini na mmoja, nami najua kurasa zikichanganyika kitabu kinasema uongo bila kukusudia. Kwa hiyo nataka kujua mambo mawili. Ukuta wa nyuma upi: ule wenye mpasuko, au ule wa upande wa bundi? Na rangi ya udongo, chini na juu?

Jambo la tatu si swali. Toeni magodoro humo. Laleni nje, hata kama kuna upepo. Usiniulize sababu.

Bibi yako,
Verna


Kambi ya Mirrendal
20 Machi 1998

Bibi Verna,

Shikamoo. Samahani kwa kosa la kaka na mdogo. Nyumbani tumezoea kusema "kaka yake Verna" kwa sababu alikuwa mrefu.

Ukuta ni ule wenye mpasuko. Udongo wa chini ni mweusi, una vipande vya makombe. Wa juu ni wa manjano, mkavu, unapeperuka ukipumua. Daktari Voss anaandika ripoti, ataipeleka tarehe ya kwanza Mei. Ameomba radhi kwetu sote. Alisema, "Nilikuja nikitaka jibu lile mnalolitaka, lakini mifupa siwezi kuibembeleza." Ni mtu mzuri, hilo ndilo baya zaidi. Makaa tumeyapeleka yapimwe umri, lakini majibu yatatoka Julai, kikao kimeshapita.

Kuna kitu kimoja kinanikera. Chini kabisa, mita moja na sentimita kumi, nimepata taya mbili za panya wa nyumbani, huyu huyu wa jikoni aliyekuja na meli za Wazungu. Anafanya nini chini ya panya wa maelfu ya miaka? Daktari anasema alitumbukia kwenye tundu la sungura. Sikuona tundu.

Magodoro hatujatoa. Niliwaambia wenzangu kwamba Bibi yangu amesema tutoke. Wakauliza sababu, sina. Nimesoma barua yako mara nyingi, na naona kama hufurahii kazi hii. Kama unaona kuchokonoa mifupa ni mambo ya Wazungu, au unaona nimekuja kuwapa wenye ranchi fimbo ya kutupiga nayo, niambie wazi. Nitaumia, lakini nitajua.

Tahlia


Mirrendal, nyuma ya kibanda cha kunyolea kondoo
27 Machi

Verna,

Ni mimi, Clarrie. Mwandiko ni mbaya kwa sababu kalamu ni ya mke wangu na mke wangu ananitazama.

Mtoto amenisomea barua yako. "Usiniulize sababu." Wewe! Miaka sitini na moja mjini hujajifunza hata kudanganya? Si ungesema kuna nyoka.

Najua unajua. Na mimi najua, ingawa nilikuwa na miaka mitano na wanaume walituweka kisimani siku zote zile. Najua shangazi yangu alimalizikia wapi. Ndiyo maana siingii. Lakini kusema si zamu yangu, ni mambo ya upande wenu wa wanawake, na wenye kuyasema wote wameshakwenda isipokuwa wewe. Kwa hiyo nimekunywa chai yao nikanyamaza, na kila jioni mtoto wa watu analaza kichwa pale.

Nakuomba hivi. Mwambie alale nje, basi. Hayo mengine yaache. Ripoti ikisema kukavu, iseme. Tumeshindwa mara ngapi, na bado tunakula? Sitaki wenye ranchi na mawakili wakae mezani na maji ya kunywa mbele yao, wakimjadili marehemu wetu kama panya. Marehemu si kielelezo cha mahakamani.

Nakutania tu kuhusu mjini. Mke wangu anasema niseme hivyo.

Clarrie


Adelaide
1 Aprili 1998

Clarrie binamu yangu,

Siombi ruhusa. Nakuarifu.

Umesema zamu si yako, na ni kweli. Ndiyo sababu huwezi kuniambia ninyamaze. Wewe unajua nusu: kwamba alifia pale. Mimi najua nusu ya pili, ambayo hukuwepo kuiona, nayo ndiyo mtoto anaihitaji. Jina lake sitalitaja wala sitaliandika. Mengine yote nitayasema, kwa Tahlia, si kwa mawakili. Nitamwambia aseme mezani yale ya udongo tu.

Nimekaa na jambo hili tangu nikiwa na miaka saba. Nilidhani naliheshimu kwa kulinyamazia. Sasa naona kwa sehemu nilikuwa naogopa kulisikia kwa sauti yangu.

Ukikasirika, kasirika. Msalimie mkeo na mrudishie kalamu yake.

Verna


Adelaide
1 Aprili 1998

Tahlia mjukuu wangu,

Keti nje ya pango usome hii.

Mwaka 1937, mwezi wa Agosti, tulikuwa tukiishi pangoni kwa sababu ya baridi. Babu yako alizaliwa humo, upande wa kushoto ukiingia, alfajiri. Aliyemzaa, ambaye ndiye aliyekuwa akinisuka nywele, hakuamka siku ya nne. Sitamwita kwa jina nawe usiliulize.

Mtu akifa mahali, unajua hufanywaje: majani mabichi ya mkaratusi yanachomwa, moshi unajaa, watu wanahama. Lakini kabla ya moshi kuna kazi nyingine, ambayo kwenu huko haijafanywa muda mrefu kwa sababu siku hizi watu hufia hospitali. Wanawake hufagia. Hawafagii vumbi tu. Wanakwangua sakafu yote, popote alipokanyaga na kulala na kupika, mpaka wafike kwenye udongo ambao haukumjua. Walikuwa wanawake wanane, kwa siku mbili, na vijiti vya kuchimbia. Sisi watoto wa kike tulibeba udongo kwenye karai na kuumwaga mahali pamoja, ukutani, kwenye mpasuko.

Mimi nilibeba. Makarai ya kwanza yalikuwa ya udongo mweusi wenye makombe, mzito, ulionuka jivu. Siku ya pili ukaanza kutoka wa manjano. Karai la mwisho lilikuwa vumbi jepesi, nikapiga chafya, na shangazi mkubwa akanifinya sikio kwa sababu haifai kupiga chafya wakati ule. Lundo lilifika kimo changu, wakalikanyaga likashikana.

Umeshaelewa. Udongo wa juu, wa siku za karibuni, ndio uliomwagwa kwanza, ukawa chini. Wa kale ukamwagwa mwisho, ukawa juu. Mmechimba lundo letu. Mnasoma kitabu kilichojalidiwa kichwa chini. Kisome kutoka nyuma: mwanzo kukavu, kisha matete na maji kwa muda mrefu, kisha panya wa jikoni. Yule panya hakutumbukia popote. Wewe uliona hapakuwa na tundu. Amini macho yako mbele ya daktari yeyote.

Lakini najua neno la bibi kizee halitatosha, na lundo ni lundo. Kwa hiyo nakupa pahali pengine. Chini ya mwamba wa bundi, upande wa mashariki, hatukugusa. Bundi ni dada yetu sisi wanawake kama popo alivyo ndugu wa wanaume, na hakuna mwanamke anayefagia mlango wa dada yake. Udongo wa pale haujaguswa na mkono wowote. Chimbeni hapo, padogo, na mwombeni radhi kwanza.

Kazi yako siichukii. Niliposoma kwamba unatambua nchi kwa jino la panya, nilimsomea jirani yangu, mama wa Kigiriki, akasema, "Familia yenu mna macho." Kilichonifanya ninyamaze nimeshakueleza.

Baada ya kufagia tulihamia kando ya barabara ya ranchi. Hapo ndipo lilipotukuta gari la serikali, lile lililokuwa likichukua watoto wetu na kuwapeleka mjini. Babu yako alifichwa ndani ya gunia la sufu na hakulia. Mimi nilikuwa mkubwa mno kwa gunia.

Toeni magodoro.

Verna


Kambi ya Mirrendal (nje ya pango)
26 Mei 1998

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilitaka kukuandikia mwisho wa jambo, si katikati.

Magodoro yalitoka dakika ile ile. Niliwasomea wenzangu yale ya udongo tu. Daktari Voss akamgeukia Babu Clarrie aliyekuwa na kikombe chake mlangoni. "Mzee, wiki zote hizi! Kwa nini hukutuambia?"

Babu akasema, "Hamkuuliza nani alifia hapa. Mliuliza panya."

Daktari akaanza kucheka, akaacha, akavua kofia. Kesho yake ripoti ya zamani aliichoma kwenye moto wa chai.

Tulichimba chini ya mwamba wa bundi, nusu mita kwa nusu mita. Niliomba radhi, nikajihisi mjinga kwa sekunde mbili hivi, kisha sikujihisi hivyo tena. Juu: panya wa nyumbani. Chini yake, sentimita thelathini na nane za panya wa majini, panya wa matete, hata miiba ya mikunga. Chini kabisa, manjano, warukaji na vinyama vya mfuko. Daktari aliziweka hesabu za mashimo mawili sambamba, moja akaipindua, zikalingana karibu tabaka kwa tabaka. Akaniita aniambie niandike mimi ukurasa huo na nitie sahihi yangu.

Jopo lilikaa siku moja. Wakili wa ranchi aliniuliza tulijuaje kwamba lundo la ukutani limepinduliwa. Nikasema tuliambiwa na mtu aliyelibeba. "Na lilibebwa kwa sababu gani?" Nikasema, "Walikuwa wakifagia nyumba." Mwenyekiti, mama mtu mzima, akasema swali limejibiwa.

Lango litafungwa tarehe ya kwanza Juni kwa majira matatu ya baridi, kwa majaribio. Hawakutupa kinamasi, wametupa nafasi ya kuona kama kitarudi. Wenye ranchi wamekasirika lakini hawakukata rufaa.

Sasa la Babu Clarrie. Hasemi nami juu yako, ila jana alikuja bila kikombe. Akasema, "Mwandikie. Mwambie tumelala juu yake, tumechimba juu yake, tumelisema mbele ya watu. Pango lazima lifagiwe upya na lifukizwe. Anayejua namna ni mmoja tu. Basi la Mount Gambier linaondoka Adelaide Jumanne na Ijumaa. Na asilete visingizio vya magoti, visingizio vya magoti ni vyangu."

Mimi narudi chuoni na masanduku ya mifupa tarehe thelathini, sitakuwepo. Babu anasema ni sawa, akina mama wapo saba, wewe utakuwa wa nane.

Utakuja?

Tahlia


Mirrendal
19 Juni 1998

Tahlia mjukuu wangu,

Nilikuja Ijumaa, tarehe tano. Clarrie alinipokea kituoni, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Umekuwa mfupi." Nikamwambia yeye amekuwa mbaya. Kwenye lango la ng'ombe alisimamisha gari akalia, nami nikajifanya natafuta miwani.

Tulifagia siku mbili. Akina mama hawa ni wazuri lakini wanaongea mno. Ilibidi nimfinye mmoja sikio. Ana miaka hamsini na tano. Magoti yangu hayakuniruhusu kukwangua, kwa hiyo nilikaa mlangoni na kuwaambia wapi. Upande wa kushoto ukiingia nilikwangua mwenyewe, kwa mkono.

Nilidhani nitahuzunika. Nilihuzunika siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa na kazi.

Sasa jambo lako. Udongo tuliotoa tumeumwaga ukutani pale pale, kwenye shimo lenu, maana ndiyo desturi. Lakini nikakumbuka kwamba miaka mia mbili ijayo atakuja mtoto mwingine na kibanio chake, asiwe na wa kumwandikia. Nikachukua chupa ya kachumbari ya mke wa Clarrie, nikaandika karatasi, nikaifunga humo, nikaiweka chini ya karai la kwanza. Clarrie alisimama nje akapiga kelele, "Unamwandikia nani huko ndani, mwanamke?"

Nikasema, "Atakayechimba."

"Mwambie ruhusa aombe!"

Nikaliandika hilo pia. Mengine ni haya: "Lundo hili limepinduliwa. Udongo wa chini ni wa karibuni, wa juu ni wa kale. Umefagiwa Juni 1998 na wanawake wanane, na kabla ya hapo Agosti 1937, na wanawake wanane. Usiulize majina. Mlango wa bundi haujafagiwa, umechimbwa nusu mita tu, 1998."

Kisha tukafukiza. Moshi ulitoka kwa mpasuko juu ya kilima, mweupe, na watu waliokuwa barabarani walivua kofia bila kuambiwa.

Lango limefungwa siku kumi na tisa. Uwandani hakuna maji, kuna giza tu la unyevu upande wa kaskazini, kama jasho kwenye shati. Clarrie anasema majira mawili kabla ya tete la kwanza. Mke wake anasema matatu. Mimi jana nilikwenda kisimani nikitaka kukatiza, nikasimama ukingoni na fimbo yangu, nikapita kandokando, saa nzima.

Basi la Jumanne limeshaondoka, na la Ijumaa sikulikatia tikiti. Nyumba ya mjini nimemwachia mama wa Kigiriki ufunguo, amwagilie maua kisha ayachukue. Barua zako zilete kwa Clarrie, nyuma ya kibanda cha kunyolea kondoo.

Bibi yako,
Verna